Masika ya Kujifunza Tela

Machi 2

Leo meneja kaja mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha mizani. Tangu niajiriwe hajawahi. Nikajua nimeharibu, nikaanza kutafuta kosa kichwani kabla hajafungua mdomo. Kumbe ana swali: "Wewe unayesogeza malori ya watu wakienda kunywa chai, leseni yako daraja gani?"

Nikamwambia ya lori.

"Ya tela huna?"

"Sina, bosi."

"Itafute. Mwisho wa Mei kuna kiti kitakuwa wazi. Ukiwa na leseni ya tela mkononi, kiti ni chako. Ukikosa, natangaza nje."

Akafungua mwavuli wake akaenda zake. Miaka saba nimekaa kwenye kibanda hiki nawaandikia madereva kilo zao. Wao wanakwenda huko wanakokwenda, mimi mwisho wangu ni dirisha. Nimeandika haya ili kesho nisije nikadhani niliota.

Machi 3

Nimemwambia Kaka. Kaka ndiye aliyenilea, kanizidi miaka kumi na tisa, na wazazi walipofariki hakuna aliyeuliza nitakaa kwa nani, ilijulikana. Anaendesha tela hapa kazini mwaka wa ishirini na sita. Madereva wote wanamwita Kamanda. Hata mizani ni yeye aliyeniombea.

Kacheka mpaka kashika mbavu. "Kadogo! Basi tutakuwa tunapishana barabarani, mimi nakwenda, wewe unarudi! Jumapili uje yadi, nitakufundisha mwenyewe. Hao wa shule watakupotezea muda."

Binti yangu ana miaka kumi na miwili na swali lake lilikuwa moja: "Mama, utapiga ile honi kubwa?" Nikasema ndiyo. "Basi nenda."

Machi 5

Shule ya udereva. Mwalimu ni mtu mrefu, mpole, anaongea kama ana mtoto aliyelala chumba cha pili. Nikamwambia mimi lori naliweza, tela ni lori refu tu. Akatabasamu. Kachora ubaoni: gari dogo daraja lake, lori daraja lake, na lori lenye tela daraja lake tena. "Tofauti si urefu, dada. Lori ni kitu kimoja. Tela ni vitu viwili vilivyoshikana. Kinachopimwa ni kama unajua kuvishikanisha, kuviachanisha, na kuvirudisha nyuma bila kimoja kukipiga kingine."

Leseni inaandikwa kwa gari unalofanyia mtihani. Ukienda na lori, utatoka na daraja la lori hata kama unaweza kuendesha treni. Kuna kupimwa macho, mtihani wa alama za barabarani, uwanja, kisha barabara. Ukiangushwa uwanjani, barabara hufiki, unarudi nyumbani siku ishirini na moja.

Nikamuuliza tutaanza lini kuunganisha. Akaona haya kidogo. Tela la shule halifunguliwi, pini imeshika kutu. "Hilo utalikuta uwanjani kwao. Lakini si una kaka dereva? Atakufundisha vizuri kuliko mimi."

Machi 6

Mvua. Malori kumi na tisa. Soksi zimelowa.

Machi 8

Jumapili ya kwanza na Kaka. Kurudi nyuma. Jamani! Ukitaka tela liende kulia, unageuza usukani kushoto, halafu linakwenda kulia kupita ulivyotaka, halafu unachanganyikiwa, halafu unalia. Nimegonga mapipa manne. Kaka kakaa pembeni anakula karanga. "Usiliangalie tela, angalia linapokwenda. Polepole. Haraka ya nini, kuna mtu anakukimbiza?"

Machi 15

Pipa moja tu. Kaka kapiga makofi peke yake katikati ya yadi tupu. Sijui kama kuna siku nimempenda kama leo.

Machi 17

Kaka kaitwa ofisini asubuhi. Alipopita mizani alichukua risiti yake bila utani, bila hata "Kadogo". Nikamuuliza kuna nini. "Mafuta." Kila mwezi wanagombana naye kwa ajili ya mafuta. Atapoa.

Machi 20

Nimefaulu mtihani wa alama na macho. Daktari kasema ninaona kama mwewe. Mvua.

Machi 22

Leo Kaka kanifundisha kuunganisha. Hakuwa na maneno mengi, nadhani mgongo unamsumbua. Namna yenyewe ni hivi: unarudisha kichwa cha lori chini ya tela taratibu, mpaka pini ya tela iingie kwenye taya za chuma nyuma yako na usikie "ka!" Unashuka, unaunganisha mipira ya upepo na waya wa taa, unapandisha miguu ya chuma inayoshikilia tela likiwa peke yake, unaondoka.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Ukisikia mlio, limeshika."

Rahisi kuliko kurudi nyuma! Nimeunganisha mara sita. Na mimi niliyekuwa sipati usingizi.

Machi 29

Kuunganisha tena, mara tisa. Nilimuuliza Kaka kama hatupaswi kuchungulia kule chini kuona taya zimebana. "Unachungulia nini kwenye matope? Masikio yako yanatosha." Sawa, mwenye miaka ishirini na sita ni yeye.

Aprili 1

Malori ishirini na saba. Mvua haijakatika tangu juzi, nyuma ya ghala pamekuwa bwawa.

Aprili 5

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani. Nimerudi nyuma bila pipa hata moja, nimeunganisha mara nne. Tulipomaliza, Kaka kaniwekea mkono begani, kakaa hivyo muda mrefu. "Kadogo, usipofaulu si mwisho wa dunia. Mizani ni kazi nzuri. Unakaa mahali pakavu."

Nikamwambia asiniletee mkosi. Lakini nimeguswa. Si kawaida yake kuongea hivyo.

Aprili 9

Ni saa kumi jioni, nimeshakunywa vikombe vitatu vya chai.

Tulikuwa sita, mwanamke peke yangu. Mtahini ni mzee mwenye koti la mvua la njano na ubao wa kuandikia aliouvalisha mfuko wa plastiki. Kurudi nyuma nilifanya vizuri mpaka mmoja wa wenzangu akapiga mluzi. Mtahini hakucheka lakini kaandika kitu kirefu. Nikajisemea nimeshamaliza, kilichobaki ni kile chepesi.

Nikaachanisha tela vizuri. Nikasogea mbele, nikarudi kuliunganisha. Mvua ilikuwa inapiga paa la kichwa cha lori kwa nguvu, nikasikia chuma kimegonga chuma. Si mlio uleule wa yadi kwetu, lakini chuma ni chuma. Nikashuka, mipira ya upepo, waya wa taa, miguu juu. Mtahini alikuwa amesimama karibu na gurudumu la tela, ananiangalia tu. Nikapanda. Nikamwona kwenye kioo anaanza kusogea kando, taratibu, kama mtu anayejua kitakachotokea na haruhusiwi kusema.

Nikaondoka.

Kichwa kikaenda. Tela halikuja. Nilisikia mkwaruzo, halafu kishindo ambacho nilikisikia kwenye meno. Tela lilipiga magoti. Pua yake ilichimba saruji, na mipira ya upepo ikavutika ikakatika, upepo ukapiga kelele uwanja mzima. Nilizima injini nikabaki nimeshika usukani. Sikuweza kushuka.

Mtahini alikuja mlangoni. Hakunifokea, na ningeshukuru kama angenifokea. Kasema, "Mama, pini ilikaa juu ya taya, haikuingia. Hukulivuta kidogo kulijaribu. Hukushuka kutazama. Ningekuwa nimesimama pale nilipokuwa dakika moja kabla, ungenizika."

Kaandika, kanipa karatasi nitie sahihi. Siku ishirini na moja.

Wale watano walinipa nafasi nipite kama napita na maiti.

Aprili 10

Kaka kaja nyumbani na sukari, mchele na mafuta ya kula, kama tuna msiba. Kanipa pole saa nzima. "Yanatokea, Kadogo. Hata wakongwe yanawatokea." Na mimi nikamwomba msamaha. Nikamwambia nimekuaibisha, Kaka, umenifundisha Jumapili zote zile halafu nimekuangusha mbele za watu.

Akainama akafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa tayari.

Aprili 13

Nimemweleza Mwalimu wa shule. Kasikiliza mpaka mwisho, kakuna kidevu. "Baada ya kuunganisha, unaacha breki za tela zimeshika, unatia gia, unavuta mbele kidogo. Mara mbili. Likikatalia pale, ndiyo limeshika. Kisha unashuka na tochi unatazama taya. Ndipo unapandisha miguu. Hilo ndilo la kwanza, dada. Kaka yako hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Labda amesahau. Wakongwe wanafanya bila kufikiri."

Nikasema labda. Njia nzima nikawa nasema labda.

Aprili 16

Mahali pa kuunganishia matela kwetu ni nyuma ya ghala. Kutoka mizani hapaonekani, na kwa miaka saba sijawahi kuwa na sababu ya kwenda kutazama. Lakini kule kumejaa maji, kwa hiyo tangu jana wamehamishia kazi hiyo huku mbele, hatua arobaini kutoka dirishani kwangu.

Saa nne asubuhi Kaka kaja na kichwa kuchukua tela. Nikaacha kalamu.

Karudi nyuma, kaingia. Kabla ya kushuka, kavuta mbele. Tela likakataa. Kavuta tena. Kisha kashuka na tochi, mzee yule wa mgongo mbaya, kapiga goti kwenye matope na kuingiza kichwa chini ya tela mpaka mabega yakapotea. Katoka, kafuta tochi kwenye suruali, ndipo kapandisha miguu. Hakuharakisha hata kimoja. Huyu mtu hajawahi kusahau hivi vitu siku hata moja ya maisha yake.

Kapanda kwenye mizani kupima. Kanyoosha mkono apewe risiti kama kawaida. Mimi nikaishika.

"Nipe niondoke, kuna watu nyuma."

"Kaka, mbona mimi hukunifundisha kuvuta?"

Kaangalia kioo cha pembeni. "Nilisahau."

"Umelivuta mara mbili sasa hivi. Umepiga goti kwenye matope. Unakifanya kila siku, halafu ukakisahau Jumapili tatu mfululizo?"

Lori la nyuma likapiga honi. Kisha la nyuma yake.

"Kadogo, risiti."

"Sikupi. Na huwezi kushuka mizani bila risiti, sheria hiyo ulinifundisha wewe. Tukae hapa mpaka jioni."

Honi zikawa nne. Mtu akatoa kichwa dirishani akauliza kama Kamanda kafa ndani. Kaka kazima injini. Mvua ikasikika. Kaongea bila kunitazama.

"Unajua hicho kiti wanachokupa ni cha nani?"

"Cha nani?"

"Changu. Meneja aliniita. Eti umri, eti mgongo. Akasema dada yangu akipata leseni ya tela, tutabadilishana: yeye apande, mimi nishuke nikakae humo." Kaonyesha kibanda changu kwa kidevu. "Miaka ishirini na sita. Nikakae dirishani niwaandikie watu kilo. Ukishindwa, anatangaza nje, na kutangaza kwao kunachukua miezi, pengine mwaka. Nilitaka huo mwaka."

Mimi nilikuwa nimesimama na sikumbuki nilisimama saa ngapi.

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambiaje? Kadogo, acha, unaninyang'anya?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo! Ningeacha, Kaka. Naapa, ningeacha siku ileile."

Hapo ndipo kanitazama. Sijui alichokiona, lakini alishusha sauti.

"Nilidhani utaangushwa tu. Wengi wanaangushwa. Pale uwanjani ni mwendo wa kobe, nani angeumia?"

"Mzee wa watu alikuwa amesimama pale pembeni! Dakika moja tu! Ningeua mtu, ungekuja kunitembelea jela na sukari na mchele?"

Nikatupa risiti, ikaangukia kwenye ngazi ya lori, akalazimika kushuka kuiokota kwenye maji. Nilifurahi kumwona anainama. Najua ni vibaya, lakini nilifurahi.

Aprili 17

Nimerudi kusoma kurasa za nyuma. Machi 15 kanipigia makofi. Machi 17 kaitwa ofisini. Machi 22 "ni hayo tu." Siku tano! Siku tano zilimtosha mtu aliyenilea miaka ishirini. Na mimi niliandika kwa mkono wangu kwamba mgongo unamsumbua.

Aprili 18

Mvua.

Aprili 19

Mvua. Binti kauliza mbona mjomba haji Jumapili hizi. Nimemwambia ana safari.

Aprili 22

Kaka kapita mizani mara tatu. Risiti, asante, karibu. Tunaongea kama watu wa benki.

Niliwaza nimwambie meneja sitaki tena. Usiku wa jana nilikuwa nimeshaamua. Halafu nikakumbuka lile koti la njano linavyosogea kwenye kioo, nikakasirika upya. Angeniomba, ningempa kiti na baraka juu. Hakuomba. Basi nakitaka.

Aprili 26

Fundi wa karakana kakubali kunisimamia Jumapili. Ni mtu wa maneno makali, kila anachokigusa anakitukana kwanza. "Vuta! Tena! Shuka! Unatazama nini, unachumbia? Ingiza kichwa!" Mara kumi na nne. Nimeona taya zimebana pini kwa macho yangu, mara zote kumi na nne. Matope mpaka kwenye nywele. Sikusikiliza mlio wowote.

Aprili 30

Nimefaulu. Uwanja na barabara.

Mtahini yuleyule, koti lilelile. Nilipoingiza kichwa chini ya tela na tochi, nilikaa huko muda mrefu mpaka kaja kuuliza kama niko salama. Mwishoni kanipa mkono. "Nani alikufundisha mara hii?" Nikasema fundi. "Na mara ile?"

Nikasema nilijifundisha mwenyewe. Sijui kwa nini nilimfichia Kaka siri. Nimejichukia njia nzima.

Binti karuka juu ya kitanda mpaka kavunja chaga. Nikacheka naye, halafu nikaingia bafuni kufungulia maji nilie kidogo. Mtu niliyetaka kumpigia simu wa kwanza ni Kaka.

Mei 8

Leseni imetoka. Picha mbaya, daraja zuri.

Mei 11

Meneja kaniita. "Unajua kiti ni cha nani?"

"Najua."

"Na unakitaka?"

"Nakitaka."

Kanitazama kidogo juu ya miwani, nadhani alitegemea niombe muda wa kufikiri. "Basi kabla hujaondoka mfundishe kazi ya mizani. Siku tatu zinatosha."

Mei 19

Mvua imepungua. Malori kumi na mawili.

Mei 28

Siku ya kwanza ya kumfundisha Kaka. Kaja na daftari jipya la mistari na kalamu mbili, kanyoa ndevu. Kiti changu ni kifupi kwake, magoti yanagusa meza. Nimemwonyesha risiti, muhuri, simu ya ofisini. Tumesema maneno ya kazi tu. Madereva wanapita wanasema "Kamanda!" halafu wanaona aibu kwa niaba yake, wanatazama mbele.

Sitasema sikumwonea huruma. Nilimwonea.

Mei 29

Kuna jambo la mizani hii ambalo haliko kwenye kitabu chochote. Niligundua mwenyewe mwaka wa pili. Baada ya mvua, changarawe inaingia kwenye ukingo wa kulia wa sahani ya chuma ambayo malori yanaipanda, jiwe dogo tu, na likibana hapo mizani inasoma pungufu. Lori lililozidi linaonekana halijazidi. Linatoka, linakamatwa barabarani, na anayeulizwa ni mtu wa mizani. Aliyekuwepo kabla yangu alifukuzwa kwa hilo na mpaka leo hajui kosa lake. Kila asubuhi kabla ya lori la kwanza, unachukua kipande cha nondo unachokonoa ukingo wote.

Jana usiku nililala na hilo. Nikawaza: nisiposema, nani atajua? Kumfundisha nitakuwa nimemfundisha. Risiti, muhuri, simu. Ni hayo tu. Nilikaa na hayo maneno mdomoni na yalikuwa matamu, siwezi kudanganya daftari langu.

Asubuhi nimemwambia. Nimempeleka mpaka ukingoni, nimemwonyesha, nimemshikisha nondo, nimemweleza habari ya yule aliyefukuzwa. Kaandika yote polepole kwa herufi kubwa. Kasema, "Asante." Nilihisi mwepesi. Mara ya kwanza tangu Aprili nilitamani kumwita Kaka, si "wewe".

Mei 30

Mchana nilikwenda karakana kukagua lori langu. Fundi alikuwa chini yake analitukana. Katoa kichwa.

"Mna nini nyinyi ndugu? Kamanda kaja kwangu jana jioni. Kaniuliza kama ni kweli jiwe linaweza kuidanganya mizani."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni kweli, kwani nani kasema uongo? Hakuridhika. Kaenda kwa meneja kuuliza tena. Asubuhi hii kaja upya, eti, 'Una hakika hanichimbii shimo?' Nikamwambia dada yako hana roho hiyo. Kaenda zake."

Nimemaliza kukagua. Matairi, mafuta, taa, vyote. Nikalipitisha kwenye mizani ili nitoke yadi. Alikuwa dirishani na daftari lake limefunguka, akaninyooshea risiti kwa ncha za vidole, akaurudisha mkono haraka.

Nimekaa na hilo jioni nzima, uji umepoa. Nilidhani yaliyouma yameshauma yote. Kaka yangu, aliyekuwa ananibeba mgongoni nikiugua, ananiogopa mimi, na wala sijamfanya kitu.